Huyu Yupo Tu

Shangazi yangu alikuwa na ada ya kuwahesabu watoto wa ukoo mbele ya wageni. Alianza na wake mwenyewe: mkubwa yuko wizarani Maskati, ana ofisi yenye mlango wake, wa pili daktari, wa tatu mudira, mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana Nizwa. Akimaliza wake aliingia kwa wa ndugu zake, huyu mhandisi, huyu yuko benki, huyu kasoma Misri. Akifika kwangu alinyanyua mkono kidogo, akaurudisha pajani, akasema, "Na huyu yupo tu."

Yupo tu. Nami nimekaa palepale kwenye zulia, hatua tatu kutoka kwake, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye akili zangu na mikono yangu inayofanya kazi ambayo katika wote aliowataja hakuna ambaye angeweza kuifanya bila ya kuzimia. Wageni walinitazama kidogo, kisha wakaendelea na tende zao.

Watu husema kisasi si kitu chema. Mimi nasema kiliniweka hai zaidi ya miaka kumi. Kiliniamsha kabla ya adhana ya Alfajiri na kikanipeleka nyumba za watu katika jua la mwezi wa saba, jua la huku kwetu Ibra, Oman, ambalo halina huruma na mtu. Sitajifanya kwamba nilikuwa mwema.

Sisi ni watu waliorudi. Ndivyo wakubwa wetu walivyopenda kusema, ingawa mimi nilizaliwa Unguja na sikuwa na pahala pa kurudi. Nilikuja tu, mtoto mdogo, katika miaka ya sabini. Kule tulikuwa tukiitwa Waarabu. Tulipofika huku tukaitwa Wazanzibari, na Kiarabu chetu kikachekwa sokoni. Baba hakuishi sana. Shangazi, dada yake, ndiye aliyetusimamia mimi na mama, na yeye alikuwa na dawa moja tu ya kuchekwa, nayo ni vyeti. Mtoto akipata cheti, akapata na meza serikalini, hapo hakuna wa kumuuliza babu yake alihama lini na amerudi lini. Siwezi kusema alikosea. Dawa ilifanya kazi kwa watoto wake wote watatu.

Nami alinitafutia meza yangu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alizungumza na watu, wakazungumza na watu, nikapata kazi katika ofisi moja Nizwa. Kazi yenyewe ilikuwa kugonga mihuri. Karatasi inakuja upande wa kulia, unaigonga, inakwenda kushoto. Jumamosi mpaka Jumatano nilikaa Nizwa na wanawake wenzangu wa kazini, Alkhamisi nikarudi Ibra kwa mama. Siku moja niliumwa, nikalala siku tatu. Niliporudi nikakuta karatasi zote zimegongwa na mwengine, na hakuna aliyejua kama sikuwepo. Wakati huo Shangazi alikuwa akinitaja vizuri mbele ya wageni. "Huyu yuko Nizwa, ofisini," alikuwa akisema.

Mama alikufa siku ya kazi. Nilipofika Ibra nilikuta nyumba imejaa wanawake na wote wako nje ya chumba. Shangazi alikuwa akilia, binti zake wamejifunga shela mpaka puani, na majirani wanatazamana. Wakubwa waliojua kuosha maiti walikuwa wamekwisha kufa, na hawa wa sasa walikuwa na vyeti. Ikabidi aletwe bibi mmoja kwa gari kutoka Samad Ash Shan, mfupi, mkavu, barakoa yake imepauka. Akaingia, akamtazama mama, akatoka mlangoni na kuuliza kwa Kiarabu chake cha shamba, "Nani atanishikia maji?"

Wakarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa mtu wa kuogopa hata mjusi, lakini yule aliyelala mle ndani ni mama yangu, na nikaona aibu kwamba mgeni amemuulizia yeye maji mara moja na hakupewa. Nikaingia. Yule bibi alinionyesha pamba ya kuweka masikioni, namna ya kumfunika ili mwili usionekane hata pale unapooshwa, kuanza upande wa kulia, kumgeuza bila ya kumvuta, na maji ya majani ya mkunazi, kisha ya kafuri. Alikuwa akizungumza na mama muda wote, akimwomba radhi kila alipomgeuza. Tulipomaliza akanishika kifundo cha mkono, akakitazama, akasema, "Mkono wako haukutetemeka."

Miaka miwili ya mihuri hakuna aliyeniambia lolote juu ya mkono wangu. Nikaanza kumfuata yule bibi. Alkhamisi na Ijumaa nilikwenda naye popote alipoitwa, na haukupita mwaka nikaiacha meza ya Nizwa. Nilipata riziki yangu kwa sindano, nikidarizi miguu ya suruali za kike na kuiuza katika soko la wanawake la Jumatano hapa Ibra. Kuosha maiti hakuna ujira, ni baina yako na Mola wako.

Shangazi alikuja nyumbani kwangu bila ya kuvua viatu.

"We mtoto una wazimu? Mie nimekwenda kwa watu, nimeuvunja uso wangu, nikakutafutia kazi ya meza na kiti. Leo unaniambia unakwenda kuosha maiti?"

"Shangazi, kuosha maiti ni fardhi."

"Fardhi kifaya! Wakifanya wengine yatosha. Kwa nini uwe weye?"

"Hao wengine nani, Shangazi? Siku ya mama walikuwa wapi?"

"Khalas. Usinijibu." Akanitazama mikono, kisha akaificha yake chini ya kanga. "Umenitia aibu. Na utaona mwenyewe."

Nikaona. Lakini kwanza niseme nilivyojipimia, maana mtu akivuliwa vipimo vya watu hubaki uchi mpaka ajishonee vyake. Cheti sikuwa nacho, mume sikuwa naye, meza nimeiacha. Nikajiambia, mimi kufanikiwa kwangu ni jambo moja: nisiitwe mara mbili. Nikisikia tu kwamba fulani kafa na anangoja, niwe nimekwisha kusimama. Nisiulize ni nani, wa kabila gani, wa nyumba gani. Nilimwosha bibi wa kibedui ambaye watu wake walinijia na gari lenye mbuzi nyuma. Nilimwosha mtoto wa siku mbili. Nilimwosha mwanamke wa Kihindi, fundi cherehani, aliyekufa peke yake katika chumba cha kupanga, na tulikuwa wanawake wawili tu tuliomswalia. Yule bibi wa Samad mwenyewe nilimwosha mimi. Wote hao niliitwa mara moja. Nilikuwa nikirudi nyumbani, nikakoga, nikapika chai, na nikajua kwamba leo nisingekwenda mimi, mtu angelala katika joto akingoja.

Shangazi alianza na finjani. Kwetu Oman wageni hawapewi kila mmoja finjani yake. Zinazunguka mbili tatu, mmiminaji anakupa, unakunywa, unaitikisa kidogo kuonyesha umetosheka, naye anaichukua na kummiminia mwenzako. Midomo ya baraza nzima hupita mle, na hiyo ndiyo maana yake, kwamba hapa hakuna wa kumwonea mwengine kinyaa. Idi ya kwanza baada ya kuacha kazi, binti yake mudira alifika kwangu na dele la kahawa, na Shangazi akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ngoja, huyu ana yake." Ikaletwa kutoka jikoni finjani yenye ukingo wa buluu, tofauti na zote.

"Si kwa ubaya, mwanangu," akasema. "Kuna watu wana kinyaa."

Nikaipokea. Nikanywa. Nilipomaliza sikuitikisa. Adabu ni kwamba mgeni asipotikisa, lazima amiminiwe tena, na mmiminaji hawezi kuondoka. Nikamiminiwa ya pili, ya tatu, ya saba. Mudira wa Nizwa, aliyezoea wasichana mia kusimama akiingia, alisimama mbele yangu ameinama na dele limemwelemea, na wageni upande wa pili wanangoja kahawa yao. Nilikunywa kumi na moja. Moyo ulinidunda mpaka Magharibi, lakini ilikuwa Idi tamu kuliko zote nilizowahi kuziona.

Hilo la finjani ningeweza kulimeza. La Sur sikulimeza.

Alikuwepo mtu wa Sur, mwalimu, aliyefiwa na mkewe. Mkewe alikufa akiwa kwao Ibra na ni mimi niliyemwosha. Baada ya mwaka na zaidi alituma salamu kwa jirani, akasema amesikia namna nilivyomtunza mkewe, na kama nitakubali, dada zake watakuja kuzungumza. Nilimtaka. Naandika hivyo wazi kwa sababu kwetu mwanamke akipita umri hutakiwa ajifanye hataki. Nilimtaka, na nilishona nguo mpya, rangi ya majani, na nikaitundika ukutani ili niione kila nikiamka.

Dada zake walikwenda kwanza kwa Shangazi, kwa heshima, maana yeye ndiye mkubwa wangu. Yaliyosemwa nilihadithiwa na yule mudira mwenyewe miaka baadaye, aliyekuwa akimimina kahawa. Shangazi aliwaambia, "Mtoto mwema, sina la kumsengenya. Ila mikono yake haitoki kafuri. Anayekula chakula chake ale na moyo mkuu." Wakatikisa finjani zao, wakaaga, wakarudi Sur. Yule mtu akaoa kwengine, na ile nguo nikaivaa kwenda sokoni mpaka ikachanika.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilijua pa kumngojea. Kila mtu, awe na mtoto wizarani au asiwe naye, iko siku atalazwa juu ya ubao wa kuoshea maiti. Sikupanga kumfanyia ubaya maiti, huko sifiki hata mimi. Nilipanga niombwe. Nilitaka siku ile ikifika, wale watoto wenye vyeti waje mlangoni kwangu, si mara moja, bali mara tatu, kama watu wanavyokwenda na kurudi wakiposa. Mara ya kwanza nitasema nina shughuli. Mara ya pili nitauliza yuko wapi mkubwa wao. Mara ya tatu aje yeye mwenyewe, mtu wa wizara, avue viatu vyake kizingitini, aseme kwa mdomo wake kwamba katika ukoo mzima hakuna awezaye ila mimi. Hapo ndipo nitasimama, nichukue mkoba wangu, niende nikamwoshe vizuri kuliko nilivyowahi kumwosha mtu. Niliyarudia hayo moyoni nikidarizi, mwaka baada ya mwaka, na maneno nikayapiga pasi.

Nilipata na tamu ndogondogo za njiani. Kulikuwa na nyumba moja kubwa hapa Ibra ambayo Shangazi alihangaika maisha yake yote apate kualikwa, na hakualikwa. Bibi mkubwa wa nyumba ile alipofariki walinipelekea gari, jeusi, lenye kiyoyozi. Nilimwomba dereva apite kichochoro cha kwa Shangazi, ingawa si njia. Nikateremsha kioo. Alikuwa mlangoni akiwaaga wageni, na aliponiona nikampungia mkono. Siku ya matanga ya nyumba ile mimi nilikaa upande wa wenyewe, na finjani yao niliyonywea ilitoka mdomoni mwa binti wa marehemu.

Kisha miaka ikamgeukia Shangazi, kama itakavyotugeukia sote. Kwanza ulikuwa mguu, baadaye upande mzima wa mwili. Mkubwa alikuwa Maskati na wizara yake, mudira Nizwa na skuli yake. Binti yake daktari alikuwa akiishi hapa Ibra, nyumba ya jirani na mamake, lakini hospitali haikumpa nafasi. Kulala na kuamka na Shangazi alikuwa mtumishi wao, msichana wa Kiindonesia, mpole, mfupi, aliyekaa pale miaka minane. Wajukuu wa Shangazi walikuwa wakisemeshwa kwa Kiswahili wakijibu kwa Kiarabu, na wakijaribu Kiswahili walikivuruga. Huyu wa Kiindonesia ndiye aliyebaki na Kiswahili cha Unguja cha zamani, maana alifundishwa na Shangazi mwenyewe, kitandani, neno kwa neno.

Nilikwenda kumtazama mara moja. Kusema kweli nilikwenda kuona kama ataanza kuniomba. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amepungua, mdomo umekwenda upande. Nikamwambia, "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama mikono, kama kawaida yake. Nikangoja aseme. Akamwashiria yule msichana alete kahawa. Ikaja finjani moja, si ile ya buluu. Msichana akammiminia yeye kwanza, akamsaidia kuinua, Shangazi akanywa mpaka chini. Kisha akaisukuma kwangu, kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi, ile ile, na utepe wa mate bado uko ukingoni. "Mmiminie," akasema.

Nilielewa. Si kweli kwamba sikuelewa. Miaka yote ile alikuwa akinitengea ile finjani ya buluu, na sasa anaivunja mbele yangu kwa namna pekee aliyoiweza. Nami nikaona, hivi tu? Kimyakimya, chumbani, mbele ya mtumishi? Alinitenga mbele ya baraza nzima, na anataka kunirudisha bila ya shahidi? Nikaichukua finjani ikiwa tupu, nikaitikisa, nikamrudishia msichana. "Nimetosheka," nikasema. Shangazi akafumba macho. Nikaaga, na njia nzima nikatembea kwa furaha.

Alikufa miezi michache baadaye, baada ya Alfajiri. Simu ya kwanza ilikuja kabla jua halijapanda ukuta. Alikuwa mjukuu wake, binti wa daktari, analia. "Khalti, bibi khalas, kesha kufa. Mama anasema kuja."

"Inna lillahi," nikasema. "Nina shughuli kidogo, mwanangu." Nikaweka simu. Hiyo ni moja.

Nikakoga, nikavaa. Nikatayarisha mkoba wangu: pamba, mkasi, kafuri, majani ya mkunazi yaliyotwangwa, kitambaa kipya cha kumfunika. Nikakaa nyuma ya mlango na mkoba mapajani. Hazikupita saa mbili gari likasimama nje. Alikuwa daktari mwenyewe, macho yamevimba.

"Dada, tafadhali. Mie nimeona kila kitu hospitali, wallahi kila kitu. Lakini mama yangu siwezi. Nikimgusa tu mikono inatetemeka."

"Mudira je?"

"Yuko njiani, na yeye hajui kitu. Dada, jua linapanda."

"Kaka yenu?"

"Keshafika kutoka Maskati. Yuko barazani na wanaume."

Basi nikayatoa, yale maneno niliyoyapiga pasi miaka yote ile. "Watu wakubwa wako tele kwenu. Mna wizara, mna hospitali, mna skuli. Nenda ukamwambie kaka yako, mie nipo tu."

Sijui kama alikumbuka maneno yalikotoka, lakini nilimwona akipungua mbele ya macho yangu. Akageuka, akapanda gari, akaondoka. Hiyo ni mbili. Nikafunga mlango na moyo wangu ukawa mwepesi, nikasema sasa atakuja mwenyewe. Kutoka kwao mpaka kwangu ni mwendo wa kuchemsha chai. Nikaweka na kahawa jikoni, ili nimkaribishe kwa adabu, nisije nikaambiwa sina adabu.

Nikangoja. Kila gari lililopita nilisimama. Jua likaingia chumbani, likafika kwenye zulia, likanifika miguuni. Mara mbili nilishika kitasa. Mara zote mbili nikajiambia, umengoja miaka, huwezi kungoja nusu saa? Kama ningetoka bila ya kuombwa, wangenipokea kama kawaida, mtu wa kuosha kaja, mpeni maji. Na mimi ningebaki yule yule.

Adhana ya Adhuhuri ikapigwa. Baada ya sala nikasikia sauti za wanaume wengi kwenye njia, nikapanda juu ya paa. Jeneza lilikuwa likipita mwisho wa kichochoro changu. Mbele alikuwa yule mkubwa wa wizara, kilemba kimelegea, bega moja limebeba. Hakutazama nyumba yangu. Wakapita, vumbi likatulia, nami bado nimeushika mkoba.

Nilikwenda matangani siku ya tatu, kwa sababu kutokwenda kungekuwa maneno. Nilijitayarishia kununiwa. Hawakuninunia. Mudira alinibusu, daktari akanipisha nafasi karibu yake, na kahawa ikanifikia katika finjani iliyotoka kwa mwenzangu. Nilikunywa na haikuwa na ladha. Nikainuka nikaenda jikoni. Yule msichana wa Kiindonesia alikuwa akiosha sinia.

"Nani kamwosha bibi yako?" nikamuuliza.

"Mie," akasema, akakausha mikono kwenye nguo yake. "Kwetu nilimwosha nyanya yangu na wakubwa. Daktari alishika maji."

Nikamtaka anihadithie. Naye akadhani namfanyia mtihani, akasimama wima, akaeleza kila hatua. Alivyomfunika. Pamba. Tumbo alilibonyeza kidogo tu. Kulia, kisha kushoto. Mkunazi, kisha kafuri. Nywele alizisuka mikia mitatu. Nilimsikiliza nikitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, nilikuwa na haja na kosa lile. Maji, akasema, aliyatia uvuguvugu, kwa sababu bibi hakupenda maji baridi. Hilo hata mimi nisingelijua.

"Na huyu kaka yao mkubwa," nikasema, "mbona hakuja kwangu?"

Akanitazama kwa kushangaa. "Daktari alitoka mie sijui. Aliporudi, kaka yake alitaka kuja. Keshavaa viatu, yupo mlangoni. Mie ndo nikamwambia bibi kakataza."

"Kakataza nini?"

"Bibi alinipa wasia zamani, siku ile ulipokuja kumtazama, ulipoondoka. Kasema, nikifa mpelekeeni habari, basi. Asiende mtu kumbembeleza. Kasema, yule si kama watoto wangu, hawa mpaka waitwe kwa barua. Yule akisikia tu mtu anangoja, huja." Akashusha macho. "Bwana mkubwa akavua viatu. Tukakungoja. Nilisema atakuja, bibi anamjua. Maji yalipoa mara mbili, nikayapasha moto tena."

Kule barazani wanawake walikuwa wanasoma. Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kumkasirikia Shangazi na nikamkasirikia kweli, maana alinishinda akiwa amelala, hawezi kuinua hata mkono, na alinishinda kwa kunisifu. Neno hilo angelinitamkia mimi chumbani siku ile, badala ya kumwachia mtumishi, ningelikwenda mbio bila ya viatu. Lakini siku ile nilikuwa nimekwisha kuitikisa finjani na kumwambia nimetosheka.

Msichana alidhani nimekasirika naye. Akanisogelea, akasema kwa kile Kiswahili kizuri cha nyumbani kwetu, "Nimekosea, bi mkubwa? Nilitakiwa ningoje zaidi?"

"La," nikamwambia. "Hukukosea. Maiti hangojeshwi."